Safu ya Mwisho

"Hii mistari umepiga mwenyewe?" Muuguzi Violeth aliuliza, akilifungua daftari juu ya meza ya kliniki.

"Kwa rula," Marieta alijibu.

Safu zilikuwa tano: tarehe, dalili, muda, mahali, na hatua iliyochukuliwa. Ndivyo alivyofundishwa chuoni kuandika habari za ng'ombe mgonjwa, na ndivyo alivyowafundisha wafugaji wa Gendabi kwa miaka mitatu, tangu alipopangiwa kazi ya afisa mifugo wa kata. Mwanawe Patriki alipofikisha miaka miwili na miezi saba, akaanza kujibu kila jambo kwa neno moja, Marieta hakulia wala hakwenda kuombewa. Alinunua daftari.

Violeth alisoma kwa sauti ya chini. "Jumatatu, amegoma kuvaa viatu, dakika ishirini. Jumatatu tena, amemwaga uji na kujitupa chini, dakika kumi na tano. Jumanne, amepiga kichwa mlangoni mara nne. Jumatano, ameniuma." Akainua macho kumtafuta mwenye makosa hayo. Patriki alikuwa ameketi sakafuni chini ya mizani, ameikumbatia ile suruali ya kupimia watoto, na kwenye benchi wanawake saba walikuwa wakiisubiri.

"Patriki, niletee hiyo."

"Sitaki."

"Unaona?" Marieta alisema. "Ni kutwa nzima. Mimi nataka rufaa, aende hospitali kubwa akaonwe na daktari bingwa. Hii siyo tabia, ni ugonjwa. Nimesoma kwenye simu, una jina kabisa."

Aliyasema haraka, kama anavyochoma sindano kabla mnyama hajashtuka. Jumamosi mama mkwe wake, Bibi Lucia, angefika kutoka Tumati kumchukua mtoto. Maximilian, mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameamua akiwa safarini: mtoto aende kwa bibi yake akanyooshwe. Karatasi ya hospitali ingemzuia, maana mtoto mgonjwa haondolewi kwa mama yake. Hiyo ndiyo sababu ambayo Marieta angeweza kuitamka mbele ya watu. Alikuwa na nyingine.

"Analala vizuri?" Violeth aliuliza.

"Analala."

"Ukimwita anageuka?"

"Anageuka, halafu anakimbia."

"Anaunganisha maneno?"

"Ya kukataa, yote."

"Akiwa na watoto wenzake, anachezaje?"

Marieta alimgeukia Patriki chini ya mizani. Hakujua. Alikuwa akimwacha Patriki asubuhi na kumchukua jioni, na hakuwahi kuuliza zaidi ya kama amekula. "Mchana anashinda kwa jirani," alisema. "Yule pale, Mama Michael."

Mary Gidabuday, ambaye wote walimwita Mama Michael, alikuwa mwisho wa benchi na mjukuu wake mapajani. Alisogea mbele, bangili zake za shaba zikigongana.

"Shikamoo mama," Violeth alisema.

"Marahaba. Unaniuliza habari za huyu mzee wangu mdogo? Anakataa. Namwambia mzee, lete kibuyu. Anasema sitaki. Halafu analeta."

"Anajitupa chini?"

"Kwetu kuna mavi ya ng'ombe. Alijitupa siku moja tu."

Benchi likacheka. Hata Violeth alicheka.

"Na wenzake anawapiga?"

"Wanapigana. Jana amempiga huyu wangu na fimbo, huyu wangu amemuuma sikio. Wamelia wote. Halafu wamekula ugali sahani moja."

Violeth aliandika kitu, kisha akalirudia daftari, akaziteremka kurasa kwa kidole. Kicheko kilikuwa bado usoni mwake alipouliza, "Dalili umejaza. Muda umejaza. Mahali, nyumbani, nyumbani, nyumbani. Sasa hii safu ya mwisho mbona nyeupe? Wiki sita, hakuna hata neno."

Marieta alitazama ule weupe. Maneno ya kuujibu aliyajua, maana yalikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amewaambia wazee wazima, mbele ya wake zao, tena kwa ukali: safu hii ukiiacha tupu, nitajuaje kama ng'ombe alikufa kwa ugonjwa au kwa dawa yako? Wawili wa wake hao walikuwa kwenye benchi hilo.

Alimtupia jicho Mama Michael. Huyo alikuwa anajua. Lakini Mama Michael alikuwa ameinama, anazihesabu bangili zake moja moja kana kwamba amezivaa leo, na ilikuwa wazi kwamba hatasema, si leo wala siku nyingine. Mama Michael angeweza kumsema. Ingekuwa nafuu.

"Alhamisi iliyopita nilimfunga," Marieta alisema.

"Ulimfunga wapi?"

"Kwenye nguzo ya baraza. Kiunoni. Kwa kamba ya ndama."

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alikohoa, mama yake akamfunika mdomo kwa kiganja.

"Kwa muda gani?"

"Dakika arobaini. Imeandikwa hapo."

Ilikuwa imeandikwa kweli, kwa mwandiko wake mzuri: Alhamisi, amelia mpaka sauti imekauka, dakika arobaini, nyumbani. Wakati Mama Michael anapita kuomba chumvi na kumkuta mtoto amening'inia kwenye kamba, ameishiwa hata machozi, Marieta alikuwa ndani, ameketi kitandani na saa mkononi, akisubiri kujaza muda. Mama Michael alifungua fundo, akambeba Patriki mgongoni, akaondoka naye. Chumvi hakuichukua.

"Na siku nyingine?"

"Nimemchapa. Nimemfungia chumbani. Siku nyingine nilimwagia maji ya baridi." Akamsogezea Violeth kalamu. "Andika tu."

Violeth hakuandika. Alichutama chini ya mizani, akainua sweta na fulana ya Patriki taratibu, akatazama. Alama ilikuwa imebaki mstari mwembamba, kama wa rula. Akazishusha nguo. Patriki akamkabidhi ile suruali bila kuombwa.

"Leo sikupi rufaa," Violeth alisema aliporudi mezani.

"Kwa hiyo hana kitu."

"Sijasema hana. Wala sijasema anacho. Umri huu kukataa ndiyo kazi yao, na anayekataa nyumbani akatulia kwa jirani hanitishi sana. Lakini wewe ni mtaalamu, Mama Patriki. Nikikuletea ng'ombe anayepiga mateke, nikakuficha namkamuaje, utaniambia nini?"

Marieta alilivuta daftari kwake, akalifunga.

"Jaza safu zote. Wiki nne. Kamba, fimbo na maji, hapana. Halafu mrudishe, nimwone tena." Akaandika tarehe kwenye kadi.

Nje jua lilikuwa limeshapanda juu ya mlima Hanang' na barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Marieta alitembea akitafuta ndani yake ile furaha ambayo mama huipata akiambiwa mwanawe huenda ni mzima. Hakuiona. Alichokikuta ni huzuni, na alijua inatoka wapi. Alikuwa ameutaka ule ugonjwa. Mtoto akiwa mgonjwa, basi ile Alhamisi ilikuwa ya ugonjwa. Mtoto akiwa mzima, Alhamisi ilikuwa yake peke yake. Mama gani anamwombea mwanawe maradhi ili yeye apone?

Simu ilitetemeka. Maximilian: *Wamesemaje? Mama anauliza aje au asije.* Aliandika *hawajasema*, akafuta. Aliandika *ni mimi*, akafuta. Akairudisha simu mfukoni.

Mama Michael alikuwa hatua chache mbele, mjukuu mgongoni, Patriki kamshika shuka. "Ng'ombe wako bado hana maziwa?" aliuliza bila kugeuka.

"Bado."

"Lakini ndama wako amenenepa."

Ng'ombe alikuwa na maziwa. Ila tangu Ijumaa ndama hakufungwa, akawa ananyonya usiku na mchana, na Patriki anakunywa uji mweusi, usio na maziwa, kwa sababu kamba ilikuwa chini ya godoro na mama yake hakuweza kuigusa.

Penye njia panda waliagana. Mama Michael alimwachia Patriki, akamshika kichwa kidogo, akaenda zake.

Walipofika nyumbani Marieta alikuwa ameshapanga. Hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Atamfunga ndama, atakamua, mtoto atakunywa uji wa maziwa, kisha atampigia Maximilian amwambie yote, kuanzia Alhamisi. Angeanza na ndama, kwa kuwa ndama ndiye rahisi.

"Vua sweta, kuna joto," alimwambia Patriki.

"Sitaki."

"Haya, kaa nalo."

Aliingia ndani, akainua godoro. Kamba ilikuwa pale, bado imejikunja kwa umbo la fundo lililofunguliwa na mtu mwingine. Akaichukua, akatoka nayo barazani, macho yake yakiwa kwa ndama aliyekuwa chini ya mama yake uwanjani.

Patriki aliiona kamba.

Hakukimbia. Hakujitupa chini. Alilivua sweta mwenyewe, akaliweka sakafuni, akaenda hadi kwenye nguzo. Akageuka, akaiegemea kwa mgongo, akainua mikono yake yote miwili juu, kama anavyofanya akivuliwa fulana, ili kiuno kiwe wazi. Akasubiri.

Marieta alisimama na kamba mkononi. Wiki sita alikuwa akiandika dalili, na hakuwahi kuiona kama hii.

"Patriki," alisema. Akachutama mbali kidogo, asimkaribie. "Patriki, sema sitaki."

Mtoto alimtazama. Mikono ilianza kutetemeka kwa kuchoka, lakini hakuishusha.

"Sema, baba. Sema sitaki."

Uwanjani ndama alikisukuma kiwele kwa kichwa mara moja, kisha akaendelea kunyonya, povu jeupe likimdondoka pembeni mwa mdomo.