Vitambaa vya Scola

Mwaka 1993 wanawake wa mtaa mmoja wa Tunduma walikuwa wakikutana kila Alhamisi mchana barazani kwa Scola, wakidarizi. Haikuwa biashara. Kila mmoja alipamba vya nyumbani kwake, foronya au vitambaa vya viti, na Scola ndiye aliyewafundisha. Alikuwa mjane, mumewe Brayson, dereva wa malori ya Zambia, alifariki mwaka uliotangulia. Sindano nzuri zilikuwa zake, zimechomekwa kwenye kimto, nao walizitumia kwa zamu bila kufikiri.

Siku moja Scola alijichoma. Damu ikadondokea ua alilokuwa akilijaza. Alikinyonya kidole, akafuta sindano kwa upindo wa kanga. Wakati huo alikuwa amekwisha kukonda, na kikohozi hakimwachi. Jirani yake Mwajuma alikuwa amenyoosha mkono kuiomba sindano ile. Akaurudisha.

"Nimeacha maharage jikoni," alisema, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata walikuja wawili, kila mmoja na sindano yake. Baada ya hapo hakuja mtu. Scola alitandika mkeka kama kawaida, akakaa mpaka jua likahama barazani, akaukunja.

Wifi yake Stamili, dada yake marehemu Brayson, akaja kutoka Isongole kumuuguza. Alimkuta kitandani akimdarizia foronya binti yake wa pekee, Nesta. Mikono ilikuwa inatetemeka, mishono inapinda, naye anafumua na kuanza upya.

"Pumzika, wifi."

"Nikipumzika nitawaza. Nipe ule uzi mwekundu."

Alikufa kabla ya mvua za kwanza. Foronya mbili zilikuwa zimekwisha, ya tatu ilikuwa na shina tupu.

Asubuhi baada ya kuanua matanga, Stamili alirudi kutoka bombani akakuta moshi uani. Mama yake mzazi, mama mkwe wa Scola, alikuwa anachoma godoro, mashuka na sanduku zima la vitambaa. Stamili alitua ndoo, akaokota mti, akajaribu kuzivuta zile foronya. Vilitoka vipande vyeusi.

"Mama, hivi vilikuwa vya Nesta."

"Nimezika mwanangu, nimezika mkwe wangu," mama alisema bila kugeuka. "Mjukuu simziki."

"Ugonjwa haukai kwenye kitambaa. Daktari alisema."

"Na huyo daktari alimponya nani?"

Nesta, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. Hakulia. Aliuliza tu kama na vile vya chini kabisa sandukuni vimeungua.

Kabla ya kumchukua mtoto, Stamili alizunguka kwa wale wanawake, maana Scola aliwahi kumpa kila mmoja kitambaa cha zawadi. Conjesta alisema chake kilichanika. Ferista alitazama chini, akakiri kuwa alikichoma. Mwajuma aliingia ndani, akakawia, akatoka na mfuko wa plastiki uliopigwa fundo.

"Nilikichemsha," alisema. "Nikarudia, nikarudia tena, na dawa ya kung'arisha nguo. Niliogopa, Stamili. Lakini kukitupa nilishindwa."

Njiani kwenda Isongole Nesta alifungua ule mfuko. Kitambaa kilikuwa cheupe kote, maua na majani, rangi zote zimekwenda.

"Shangazi, hili lilikuwa ua gani?"

"Sijui, mwanangu."

Nesta alipitisha kidole juu ya uzi uliotuna, akalifuata lile ua mpaka lilipoishia, akaanza tena.

Alilelewa Isongole mpaka akaolewa. Stamili alijaribu mara kadhaa kumfundisha kudarizi, kwa kidogo alichojifunza kwa Scola. Nesta alikaa karibu naye, akamkatia nyuzi, akamshikia kitambaa kisikunjamane. Sindano hakuigusa.