Jina la Mtoto wa Mahabusu

Mtu akiniambia mume wangu ni mfungwa, damu inanichemka. Mahabusu na mfungwa ni watu wawili, jamani! Mfungwa keshahukumiwa, anatumikia miaka yake. Mahabusu anashikiliwa tu wakati kesi haijaamuliwa, na mpaka hakimu atamke, huyo ni mtu asiye na hatia kama wewe na mimi. Hayo niliyasema sokoni, nikayasema bombani kwetu Rusimbi, na nyumbani nikayasema mpaka koo likakauka. Mama mkwe wangu, bi Dunia, jibu lake lilikuwa moja: "Si amefungiwa mlango?"

Mume wangu, Heritier, alikamatwa pale Ujiji na injini ya boti ya wizi. Wezi walikuwa wamemletea aitengeneze, yeye fundi tu angejuaje? Dhamana ikashindikana. Kila akipelekwa mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa rumande. Mimi nikajifungua yeye akiwa humo humo.

Siku zile niliishi kama mtu aliye chini ya maji. Mtoto ananyonya, nami nasinzia. Nikifumbua macho naliona ziwa limekuja mpaka mlangoni, kimya, na Heritier amekaa juu yake kama aliyekaa mkekani, ananiuliza chakula kimeiva. Nikimjibu, anacheka. Nikifumbua macho tena, ni chandarua na ukuta. Sikujua lipi ni ndoto, na kusema kweli sikutaka kujua.

Sasa kwao, watu waliovuka kutoka Kongo enzi za babu, mtoto hana jina mpaka baba yake alitamke huku wanatazamana. Kabla ya hapo anaitwa Mgeni tu. Baba akiwa amekufa au amefungwa, ndugu yake ndiye anayemwita mtoto, na tangu siku hiyo mtoto huhesabiwa wa huyo ndugu. Bi Dunia alikuwa keshamwambia Amosi, kaka yake Heritier, aje na boti ya Jumatatu kutoka Kagunga. Mwanangu awe wa Amosi na baba yake yu hai? Thubutu!

"Mama," nikamwambia, "Jumapili twende wote gerezani. Heritier amwite mwenyewe."

"Mfungwa haiti jina, Yusta. Tangu lini?"

"Si mfungwa! Ni mahabusu!"

"Haya, twende nikamwone huyo mahabusu wako." Alisema kwa kunikebehi, ila khanga aliitafuta ile nzuri.

Jumapili hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, milima ya Kongo haionekani hata kidogo, na boti za dagaa zilionekana zinaning'inia hewani. Mimi nimembeba Mgeni, bi Dunia amebeba hotipoti ya ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Nilihisi kwamba tukizidi kutembea tutaingia ndani ya weupe ule, na humo tutamkuta ameketi, hakuna lango wala askari.

Lango lilikuwepo. Nilionjeshwa ugali niliousonga mwenyewe, ndipo tukaruhusiwa.

Uwanjani wafungwa waliovaa nguo za rangi ya chungwa walikuwa wanafagia. Heritier akaletwa upande wa pili wa waya, amekonda, amevaa shati lake la buluu. Bi Dunia akawatazama wale wanaofagia, kisha akamtazama mwanawe, kisha akawatazama wale tena.

"Shikamoo, mama," Heritier akasema. Mimi hakuniangalia.

Nikamfunua mtoto usoni, nikamsogeza kwenye waya. "Huyu hapa binti yako. Mwite."

Akatikisa kichwa. "Amosi amwite. Mimi ni mfungwa, Yusta."

Nyie! Nimegombana na mji mzima kwa ajili ya mtu huyu, na yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo! Ningemzaba kibao kama si ule waya. Badala yake nikalia, nikaona aibu kulia mbele ya askari, nikazidi kulia.

Bi Dunia akaweka hotipoti chini. "Heritier. Nani kakuhukumu?"

"Mama, acha tu."

"Nimekuuliza. Hakimu gani? Kakupa miaka mingapi?"

"Bado."

"Bado! Basi hiyo hukumu umejipa mwenyewe, na wewe si hakimu. Wewe ni mahabusu. Mwite mtoto, jua linapanda."

Heritier akashika waya kwa vidole vyote. Mgeni alikuwa macho, ametulia, anamtazama. Sijui walitazamana kwa muda gani. Fagio sikuzisikia tena wala sauti za wageni wengine. Nilisikia maji tu, polepole, ingawa ziwa liko mbali na pale.

"Winfrida," akasema.

"Winfrida nani?" bi Dunia akang'aka. "Kwetu hakuna Winfrida!"

"Najua, mama. Majina ya kwetu yote nimeyapitia humu ndani. Kila moja lina mtu wake tuliyemzika, au ambaye ziwa halikumrudisha. Nilitaka jina ambalo hatujalililia."

Kumbe alikuwa nalo! Usiku na mchana amelitafuta, akalipata, halafu alikuwa tayari kukaa nalo kimya na kumwachia Amosi mtoto. Moyo uliniuma, na hapo hapo nikampenda mpaka nikasikia kizunguzungu.

Askari akasema muda umekwisha. Heritier akanitazama mimi sasa, akatabasamu kidogo, akaingia ndani.

Nje ya lango bi Dunia akaichukua simu yake aliyokuwa ameiacha pale, akampigia Amosi. "Usije. Mtoto keshaitwa na baba yake." Akasikiliza, uso ukamkunjamana. "Nani amefungwa? Mahabusu hajafungwa, wewe! Hujui Kiswahili?"

Akakata simu, akajifuta macho kwa pindo la khanga, akaninyooshea mikono.

"Nipe Winfrida nimbebe."