Mzee Solomon Abisha Hodi

Jumamosi ya pili ya Aprili, Benadetha alikuwa ameingiza kichwa chini ya sinki la nyumba moja ya matofali huko Bladensburg, akipapasa bomba aone kama linavuja. Mumewe Gervas alikuwa akiwasha na kuzima taa za kila chumba. Dalali, Mmarekani mrefu aitwaye Wayne, alisimama katikati ya jiko akitazama saa yake kila dakika.

Nyumba ilikuwa nzuri na bei ilikuwa ya chini mno, mpaka Gervas akaanza kununa. "Kitu kizima hakiuzwi hivi," alisema kwa Kiswahili, ili Wayne asielewe.

Ilipotimia saa kumi na mbili jioni, mlango wa mbele ukagongwa mara tatu.

Sasa mtu wa Marekani mlango ukigongwa hunyamaza kwanza, akachungulia kamera kwenye simu. Lakini Benadetha amekulia Tukuyu, kwenye nyumba ambayo mlango haukufungwa mpaka watu walale, na miaka kumi na mitano ya Maryland haijamtoa tabia hiyo. "Karibu!" akapaza sauti humo humo chini ya sinki, kama vile nyumba ni yake. "Karibu, pita ndani!"

Akaingia mzee mweusi mwenye sweta la kijani. Akafuta viatu, akavua kofia, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha.

"Huyo ni Mister Solomon," alisema Wayne, akigeuza karatasi zake. "Nyumba ilikuwa yake. Alifia hapo alipokaa, Februari ya mwaka juzi. Sheria hainilazimishi kuwatajia wanunuzi habari za kifo, lakini maadam mmeonana wenyewe, basi. Hugonga kila jioni. Familia sita zilizokuja kuiona zimetimkia mlango wa nyuma. Nyinyi ndio wa kwanza kumkaribisha."

"Shikamoo, mzee," alisema Benadetha, akifuta mikono.

Mzee akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba nje kuna upepo.

Ndani ya gari Gervas aliweka funguo mapajani, akakataa kuwasha. "Hapana, mama Bupe. Siwezi kumweka mwanangu kwenye nyumba ya marehemu."

"Bibi yako alifia wapi?"

"Nyumbani."

"Chumba gani?"

Gervas akakohoa. "Cha uani."

"Na nani alihamia chumba cha uani?"

"Ni mimi. Lakini bibi tulimkalia matanga. Watu walilala chini siku nne, wakalia mpaka sauti zikakauka. Huyu nani kamlilia?"

Benadetha akafunga mkanda. Alichokuwa nacho kichwani ni mkataba wa apatimenti yao ya Hyattsville, uliokuwa unaisha mwisho wa Mei, ili jengo zima livunjwe, na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyelala sebuleni. Kila asubuhi Bupe alikunja godoro lake na kulificha nyuma ya kochi kabla wazazi hawajaamka. Hajawahi kufunga mlango wa chumba chake, kwa kuwa hajawahi kuwa nacho. Jambo hilo lilimuuma Benadetha kuliko maneno yote ya Gervas.

Jumapili baada ya ibada aliazima funguo kwa Wayne, akarudi peke yake na chupa ya chai. Saa kumi na mbili mlango ukagongwa, akasema karibu, mzee akaingia, wakanywa.

Mzee Solomon alieleza bila haraka. Nyonga zilikuwa mbovu. Mhudumu wa kampuni ya kutunza wazee alikuwa akija Jumanne na Ijumaa kumwogesha, kumpikia na kumchukulia barua. Kisha kampuni ikamtumia fomu ya kutia sahihi ili huduma iendelee. Fomu ikaingia kwenye sanduku la barua lililoko kando ya barabara, ngazi kumi na moja chini ya kibaraza. Ilifika Jumatano, ikitakiwa kurudi Alhamisi; haikurudi, mhudumu akasimamishwa kabla ya Ijumaa. Na bila mhudumu, nani angeileta fomu? Mzee huyu alikuwa amefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja.

"Nikakaa hapa nikisikiliza mlango," alisema. "Siku ya tatu nikafa, lakini niliendelea kusikiliza. Siku ya tisa akaja msoma mita, akachungulia dirishani, akaita polisi. Naye hakugonga. Basi nikaona afadhali nigonge mwenyewe."

Kwenye friji bado ilining'inia ratiba ya wahudumu. Benadetha akaisogelea. Nembo yake ilikuwa ua la bluu, lile lile lililodariziwa kifuani mwa sare yake mwenyewe ya uhudumu.

Kila Ijumaa simu yake ilileta majina ya wateja walioondolewa kwenye orodha, na onyo kwamba asiende mtu. Kila Ijumaa Benadetha alidhani wamepata mhudumu mwingine. Wenzake wote walidhani hivyo hivyo. Akalia hapo hapo mbele ya friji, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, na mzee akamsogezea kitambaa cha meza.

Gervas alisikiliza habari yote mpaka mwisho. "Basi akaliwe matanga," alisema. "Akikaliwa matanga, nasaini."

Wayne aliuliza ni siku ngapi, akaliandika sharti hilo kwenye mkataba, kati ya ukaguzi wa paa na ukaguzi wa mchwa. Mpwa wa marehemu, aliyekuwa akiiuza nyumba kutoka Ohio bila kuja kuiona, alikubali kwa barua pepe ya neno moja.

Marie-Thérèse, jirani yao kutoka Bukavu, ndiye aliyefika wa kwanza, na mikeka na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. "Balimuzika bila deuil, bila matanga?" aliuliza, mkono kiunoni. "Ah, non! Hatukubali."

Wanawake walilala chini sebuleni, wanaume wakajaza kibaraza na viti vya kukunja na ubishi wa mpira. Jioni ya kwanza mlango ulipogongwa, sauti thelathini zilijibu pamoja: karibu! Mzee Solomon alichelewa sana kuingia. Alipoingia, kofia ilikuwa kifuani na macho yamelowa. Akapewa sahani. Siku ya tatu waliimba, wakafagia nyumba nzima, wakaanua matanga.

Walihamia Mei. Siku ile Bupe alifunga mlango wa chumba chake, akaufungua, akaufunga tena, mpaka Gervas akauliza kama anataka kuung'oa. Mzee aliendelea kuja saa kumi na mbili. Alimsaidia Bupe hesabu, yeye akisema na mtoto akijibu, wote kwa Kiingereza, na Gervas akilalamika kwamba Kiswahili kinafia humo humo ndani.

Benadetha aliandika barua kwa kampuni, akaeleza habari ya fomu na ngazi. Wakamjibu kwamba wanathamini maoni yake.

Ijumaa ya kwanza ya Juni, akimimina chai, simu ikalia. Majina matatu. La kwanza lilikuwa Bi. Loretta, wa mtaa wa pili, anayetembea kwa kushika fremu ya chuma. Ameondolewa kwenye orodha. Asiende mtu.

Benadetha akavua sare, akachukua funguo.

"Watakufukuza kazi," alisema Gervas.

"Najua."

Gervas akatafuta viatu vyake. "Lete funguo. Wewe ukiwa na hasira unaendesha vibaya."

Mzee Solomon alikuwa ameshavaa kofia. Alikaa kiti cha nyuma, akafunga mkanda.

Walipofika, Gervas alibaki barabarani akikung'uta sanduku la barua, akipekua karatasi za matangazo. Wengine wawili walipanda kibarazani. Mzee ndiye aliyegonga, mara tatu.

Kimya. Benadetha akaegemeza sikio mlangoni.

"Hodi!" aliita. "Bi. Loretta! Hodi!"

Kimya tena, kirefu. Kisha chuma kikakwaruza sakafu, kikatulia, kikakwaruza tena, na sauti nyembamba ya mtu aliye hai ikasema waingie, mlango uko wazi tangu asubuhi.

Chini barabarani Gervas alikuwa akipunga fomu hewani, akiuliza nani ana kalamu. Mzee Solomon akafuta viatu.