Matangazo ya Mwisho ya Bi Saa Saba

Kwa miaka ishirini na minane Bi Saa Saba ndiye aliyewaambia watu nani amefariki. Jina hilo alipewa na wasikilizaji, maana matangazo ya vifo aliyasoma saa saba kamili mchana, na redio ya masafa ya kati ikayavusha milima hadi vijiji ambavyo barua ilichukua mwezi kufika. Vijiko vilitulia sahanini mpaka amalize.

Bibi alikwisha kustaafu zamani, pale mjukuu wake, mtangazaji wa FM katika kituo kilekile, alipomletea habari kwamba Ijumaa mtambo wa masafa ya kati ungezimwa. Vipuri vyake havikutengenezwa tena, na wasikilizaji wengi walihamia FM na simu. Wakubwa walimwomba bibi aje asome kwa mara ya mwisho.

Akaenda, kajifunga kanga yake ya heshima. Studio ilikuwa ileile, kuta zimevikwa zulia lililofifia, ila mezani palijaa kompyuta. Fundi mitambo, rafiki yake wa siku nyingi, alimpokea akicheka kwamba yeye na mtambo wanaugua ugonjwa mmoja, vipuri hakuna.

Wakisubiri saa, mjukuu alimuuliza jambo alilolisikia tangu utotoni bila kuthubutu kulidadisi. Je, ni kweli tangazo la kifo cha baba yake mwenyewe bibi alilikuta palepale, kati ya karatasi, yuko hewani?

"Kweli. Lilikuwa la nne."

"Ukalisoma lote?"

"Nikalisoma kama ya watu wengine. Mama alikuwa anasikiliza. Ningelia mimi, yeye angemlilia nani?"

Mjukuu alimsogezea kiti, akamrekebishia kipaza sauti kwa mikono miwili.

Taa nyekundu ikawaka. Bi Saa Saba akasoma vifo vitatu, taratibu, kila ukoo kwa heshima yake. Kisha akaiweka kando hotuba ya shukrani aliyoandikiwa. "Ninyi mlio nyuma ya milima," alisema, "kesho mkifungua redio mtasikia mvumo tu. Msidhani betri zimekwisha. Ni sisi tumeondoka. Mtuwie radhi."

Fundi akashusha swichi. Feni za mtambo zikazunguka kivivu, zikasimama. Bibi alitazama pembeni ili mzee mwenzake ajifute macho bila haya.

Wiki iliyofuata mjukuu alikuja na simu, akamshawishi ayasome matangazo ya vifo nyumbani kila siku, wanaotaka wayasikie mtandaoni. Bibi alinung'unika kwamba kusemea kitu cha kiganjani ni kama kuongea peke yako, lakini akasoma. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa mwanamke anayeishi ng'ambo. Alisema kwa miaka kumi na tisa misiba ya kwao ilimfikia imeshapoa. Safari hii amelia siku ileile waliyolia dada zake.

Bibi aliusikiliza ujumbe ule mara mbili. "Haya ni mema," alisema. "Na wa nyuma ya milima?"

Mjukuu akakiri kwamba huko mtandao haushiki, wala FM ya mjini haivuki milima. Basi wakakaa barazani, bibi akitamka na mjukuu akiandika, wakaomba kituo kijenge mnara mdogo wa FM upande ule. Barua ya kwanza haikujibiwa. Sasa wanaandika ya tatu, na fundi naye ametia sahihi.