Kibao Namba Kumi na Nne

Rahma alikisoma kibao mara mbili, maana mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Kilikuwa kibao cheupe cha plastiki, ukubwa wa sinia la wali, kimeandikwa kwa herufi nene nyeusi: WIDOW. Chini yake, namba 14. Jina la mamake halikuwamo popote.

"Anakishika hivi, kifuani," alieleza Bwana Khatib, ofisa wa mradi wa kugawa ng'ombe, aliyetoka Chake Chake asubuhi ile. "Picha moja tu, Mwalimu, na mtamba ni wenu."

Mtamba mwenyewe alikuwa juu ya kirikuu, kigari cha mizigo, pale nje, mwekundu, ana mimba, anatafuna bila haraka. Wingwi nzima inajua kuwa Bi Mwatum, mamake Rahma, ni mtu wa ng'ombe tangu usichana wake. Wawili aliokuwa nao waliuzwa pale mumewe, Mzee Silima, alipopelekwa hospitali Unguja. Mzee akaenda kwa miguu yake, akarudi kwenye jeneza. Tangu hapo zizi lilikuwa tupu, na huyu mtamba ndiye angelifungua tena.

Lakini Bi Mwatum alikuwa edani. Miezi miwili tu ilikuwa imepita, na eda ni miezi minne na siku kumi, ambazo mwanamke hujitenga na macho ya wanaume wasio maharimu zake. Alikaa nyuma ya pazia la chumbani, hatua tatu kutoka kwenye kiti cha mgeni, na kila neno lilimfikia.

"Subirini amalize," Rahma alisema.

"Wafadhili wanazitaka picha Alhamisi. Tukichelewa, jina linakwenda kwa mwengine. Na mashehe wenyewe wanasema mwenye eda akiwa na haja anatoka."

"Haja ni kumfuata tabibu, baba," sauti ya Bi Mwatum ilitoka nyuma ya pazia. "Picha si haja. Mie si ntu wa kuoneshwa. Rahma, hicho kibao kimeandikwa nni?"

Rahma anasomesha Kiingereza skuli ya sekondari. Angeweza kujibu "mjane" yakaisha. Ila hasira zilikuwa zimeshampanda, akavuta kamusi yake kubwa rafuni na kuisoma kwa sauti, makusudi, ili Khatib naye asikie.

"Mke aliyefiwa na mume, mama. Asili yake ya kale wanasema ni kutengwa, kubaki mtupu. Kilatini na lugha ya zamani ya Wahindi zina neno la ukoo huohuo. Na kuna buibui mweusi mwenye sumu, wanasema humla mumewe, naye wamempa jina hilo. Hata mke ambaye mumewe anashinda kwenye mpira wanamwita hivyo, kwa mzaha."



"Mtupu," Bi Mwatum alisema nyuma ya pazia. "Silima kanipa watoto watano na miaka thalathini na tisa. Utupu uko wapi hapo?"

Neno lenyewe halina dhambi. Kila kaumu ina neno lake la kumwita aliyefiwa, na huko kwa wenye Kiingereza pia wamo wanaoitwa hivyo kwa heshima. Dhambi ni kuliweka kifuani pa mtu pahala pa jina lake, kisha umpe na namba, kama fungu la samaki mnadani. Hilo lilimuuma Rahma.

Khatib akatazama saa. Akainama, akapunguza sauti. "Basi shika wewe, Mwalimu. Jifunike, yabaki macho. Wale wako mbali, kwao huyu na yule ni mmoja."

Yaani mfiwa ni yeyote, na marehemu ni yeyote. Rahma alitaka kumfukuza papo hapo. Aibu yake ni kwamba hakumfukuza. Mtamba alilia kule nje, mlio mrefu, naye Rahma akamuona mawazoni mamake anakama tena alfajiri, akanyoosha mkono akakipokea kibao. Akavuta ushungi usoni, akasimama ukutani. Khatib akainua simu.

"Rahma," mamake aliita. "Mumeo yu wapi?"

"Suhaib? Yuko dago, mama. Wamepiga kambi Kisiwa Panza, wanavua."

"Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Basi wamtangazia nni?"

Mtu hajiiti mfiwa na mumewe yuko baharini; uchuro huo hata mtoto wa chuo cha Kurani anaujua. Akakishusha kibao, akamgeukia Khatib.

"Bwana Khatib, mkeo hajambo?"

"Yumna? Hajambo. Kwa nini?"

"Kamlete. Ajifunike, ashike hiki kibao, umpige picha wewe mwenyewe. Wafadhili hawatajua."

"Astaghfirullah, Mwalimu." Khatib alirudi nyuma hatua nzima. "Mke wangu hakigusi kitu hicho, hata kwa mchezo."

Alijisikia mwenyewe alivyosema. Dereva wa kirikuu, aliyekuwa mlangoni, akatazama miguu yake.

"Na mamangu je?" Rahma aliuliza.

Khatib alikichukua kibao, akakipachika kwapani, maandishi ndani, akaaga kwa salamu ambayo haikusikika vizuri. Kirikuu kiliondoka na mtamba juu yake, kikafuata mashimo ya barabara hadi kikapotea nyuma ya migomba.

Rahma aliinua pazia akaingia. Alitaka kuomba radhi. Bi Mwatum aliivuta birika iliyokuwa pembeni ya jamvi, akamshika mwanawe mkono wa kulia, ule aliokipokelea kibao, akamnawisha mara tatu kama anavyonawishwa mtoto. Habari za ng'ombe hakuziuliza.