Jua Alilowachagulia

Mwaka 1998, Bochaberi, mtafiti wa hali ya hewa, alikwenda Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kuwaeleza akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, kama jua la miaka ijayo litatosha. Alikuwa na matokeo ya modeli kadhaa za kompyuta. Zile zilizolingana na vipimo vya jua vya miaka iliyopita zilionyesha mawingu yakiongezeka. Yeye aliwasomea zile nyingine, zilizoonyesha jua tele, kwa sababu alitamani kuwapelekea habari njema.

Alipomaliza, Rispa, mwenyekiti wao, alimshika mikono.

"Asante, binti yangu. Basi hatutajenga banda la kukaushia samaki kwa moto."

Uso wa Bochaberi uliwaka kwa aibu.

"Mama, nisamehe," alisema mbele ya wote. "Modeli ninazoziamini zinasema jua litapungua. Nilichagua zile za kuwafurahisha."

Rispa aliiachia mikono yake taratibu.

"Na kama tungekuamini?"

Akina mama wakaanza kupanga ujenzi wa banda kwa Kijaluo, lugha ambayo Bochaberi hakuielewa. Alibaki kwenye benchi, macho chini, na hakuna aliyemuuliza kitu tena.