Jeshi la Mitumba

Mayala alikasirika siku ya Alhamisi, wakati wa maharage, na hasira ile ikamkaa hadi Jumapili kama mwiba wa samaki kooni. Sababu ilikuwa neno moja tu. Danford wa Kidato cha Tatu B alilikagua jeshi la Mayala lililopangwa kando ya sahani, askari mmoja mmoja, akatafuna, akameza, kisha akaiambia meza nzima, "Kumbe ni mitumba."

Kilichouma ni kwamba ilikuwa kweli.

Mektilda, shangazi yake Mayala, aliuza nguo za mitumba sokoni Bariadi tangu serikali iliporuhusu kila mtu auze anachokipata. Ndani ya marobota ya nguo za watoto mlitoka vikorokoro vya kila aina, na miongoni mwake walitoka askari wa plastiki, wa kijani, warefu kama kidole cha shahada, kila mmoja na kofia yake ya chuma na bunduki yake. Wazungu, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walikuwa wameyatuma majeshi yao Bariadi ndani ya kaptura. Wateja wa shangazi waliwakung'uta chini. Mayala aliwaokota na, kwa mamlaka aliyojipa mwenyewe, akawabadilisha uraia.

Uraia ulibadilishwa kwa wembe uliopashwa moto kwenye mshumaa. Kofia ilikatwa, bunduki ikakatwa, buti zikachongwa mpaka vidole vya miguu vikaonekana. Pinde zilikuwa za waya mwembamba wa simu, ngao za soli ya kandambili, na kitambi, pale kilipohitajika, kilifinyangwa kwa nta. Ngozi ilipakwa rangi ya mafuta iliyobaki baada ya milango ya bweni kupakwa, ikachanganywa na masizi mpaka ikafanana na watu.

Macho aliachiwa Nyanjige. Binti huyu wa muuguzi wa Lagangabilili, aliyesoma darasa moja na Mayala, alikuwa na mkono usiotetemeka. Brashi yake ilikuwa nywele tatu za mkia wa ndama zilizofungwa kwenye mrija wa kalamu. Alibana pumzi, akagusa mara mbili, na askari akaanza kukutazama. Nyekundu yote ya jeshi lile ilitoka kwenye kichupa chake cha rangi ya kucha. Muhula mzima walifanya kazi hiyo pamoja, wakibishana juu ya pua za watu. Mpishi mkuu alipewa upinde na makengeza yake mwenyewe. Makamu mkuu wa shule alipewa cheo cha kulinda nyuma, akiwa amechuchumaa kichakani. Juu ya wote alisimama Mtemi, mwenye ngozi ya chui iliyopakwa doa kwa doa na mkuki uliotokana na sindano iliyovunjika.

Vita vyenyewe vilipiganwa Jumapili mchana katika karakana ya useremala. Karakana ilikuwa wazi kwa shughuli za kitaifa za namna hiyo kwa kuwa mwalimu wake alikuwa ameweka randa chini na kwenda kununua pamba, tangu ununuzi wa pamba uliporuhusiwa kwa wenye ubavu. Meza ya kazi ilitandikwa blanketi juu ya vitabu, vikawa vilima. Mto ulichorwa kwa chaki ya buluu. Askari walitembea kwa rula, wakalenga kwa dadu ya ludo, na aliyekufa alilazwa kifudifudi.

Kilichokosekana ni mwamuzi. Walimu hawakualikwa, na mwanafunzi yeyote aliyepewa uamuzi alipendelea bweni lake. Ndipo Mayala, katika siku zake za utukufu, alipoleta sheria ya nyumbani. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, makundi mawili, Wagika na Wagalu, hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na hakuna jaji wa kukaa kwenye kiti. Jaji ni miguu ya watu. Mchezaji atapanda mti, atacheza na chatu, atafanya atakalo, na upande utakaokimbiliwa na watu ndio ulioshinda. Basi na mezani iwe hivyo: pakitokea ubishi, watazamaji wasimame nyuma ya mwenye jeshi wanayeona ana haki, wahesabiwe, mambo yaishe. Sheria ilipitishwa kwa makofi. Wakati huo watu wote walikuwa wakisimama nyuma ya Mayala, naye aliiona kuwa sheria nzuri sana.

Halafu Danford akarudi kutoka likizo na sanduku. Baba yake, huko Kasoli, alianza kama mpima mizani wa chama cha ushirika. Sasa alikuwa na lori lenye jina lake kwenye paji la uso. Sanduku lilitoka Nairobi. Ndani yake jeshi zima lililala kwenye vitanda vya karatasi, limeshapakwa rangi kiwandani, farasi, mizinga, na jenerali mwenye joho la dhahabu. Danford hakuwa amekata hata ukucha kwa ajili yao.

Ndiye huyu aliyesema mitumba. Mayala akamjibu hapohapo, maharage yakiwa bado mdomoni, kwamba Jumapili watapigana vita vya mwisho: ambaye jemadari wake atakufa, atoe jeshi lake lote kwa mwenzake. Nyanjige alimvuta shati chini ya meza. Mayala akauvuta mkono wake akauondoa.

"Sawa, ngosha," alisema Danford, kama mwanamume kwa mwanamume kwa Kisukuma. "Nitawapaka upya. Nahitaji wapagazi wa kubeba marobota."

Kwa siku tatu Mayala hakulala vizuri. Kila akifumba macho alimwona Mtemi akiwa na robota la pamba kichwani, chui wake amefunikwa kwa kaki.

Jumapili karakana ilijaa hadi madirishani, na mshumaa wa kunyooshea silaha zilizopinda uliwaka mezani juu ya kipande cha bati. Vita vilianza vizuri. Wapiga upinde wa Mayala walivuka mto wa chaki, mpishi mkuu akaangusha farasi wawili, na hata makamu mkuu wa shule alisogezwa mbele kidogo. Kisha Danford akaelekeza mzinga kilimani, alikosimama Mtemi, akatangaza kwamba anahitaji sita. Akarusha. Dadu ikabiringika, ikagonga ukingo wa blanketi, ikaegemea hapo upande upande. Ukiitazama huku ilikuwa sita. Ukiitazama kule ilikuwa tatu.

Mayala alisema dadu iliyoegemea hurushwa tena, na mtoto wa darasa la kwanza anajua hivyo. Danford hakubishana. Aliinama chini ya meza, akatoa katoni ya biskuti, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua kikao, akaiweka sakafuni upande wake. Alikuwa amejifunza kwa baba yake kwamba mnunuzi mwenye akili huwahi shambani.

"Wananchi waamue," alisema.

Wananchi walikuwa wamekula maharage yenye wadudu tangu Januari. Walivuka. Hawakuvuka kwa aibu, kama Mayala alivyotarajia, walivuka wakisukumana. Luhende, aliyelala kitanda cha juu yake, ambaye Mayala alimwandikia barua zote za mapenzi bila malipo, alipita mbele ya pua yake na kwenda kutafuna nyuma ya Danford, macho yakiwa darini.

"Luhende," alisema Mayala.

"Ilikuwa sita, ndugu yangu," alisema Luhende, na makombo yakamtoka.

Nyuma ya Mayala alibaki Nyanjige peke yake. Alipitishiwa biskuti, akaitazama mpaka aliyeishika akaona haya kuendelea kuinyoosha.

Danford akanyoosha mkono kumchukua Mtemi.

Mayala hakufikiri. Baadaye watu walidai kwamba alikuwa amepanga, maana alijulikana kwa hila, lakini hakupanga kitu. Alimnyakua Mtemi kabla ya vidole vya Danford, akamshika kwa mkuki wake, akamtia kwenye mshumaa. Hatapakwa. Hilo tu ndilo lilikuwa kichwani mwake, hatapakwa na huyu. Ngozi ya chui ikatoa mapovu. Kisha plastiki ikashika moto na kuanza kudondoka juu ya lile bati, tone la moto baada ya tone la moto, na kila tone likapiga mluzi likianguka: zwip, zwip, zwip.

Taya zikasimama. Mtu mmoja akatoka upande wa Danford ili aone vizuri, na wa pili akamfuata.

Mayala akawaona. Akamchukua mpiga upinde wa kwanza.

"Mayala, acha," alisema Nyanjige.

Zwip, zwip. Watu watano wakavuka. Akamwasha wa pili kwa moto wa kwanza, akawashika wawili kwa pamoja, wakadondoka kwa mpigo kama ngoma mbili, na kundi zima la dirishani likaruka ndani likaja upande wake. Hasira ilimpanda tamu sasa. Aliwachoma walinzi wa kushoto. Aliwachoma walinzi wa kulia. Alimchoma makamu mkuu wa shule, na kwa hilo alishangiliwa kiasi cha vumbi kuanguka kutoka kwenye boriti. Matone yalimwangukia kidoleni, ngozi ikatuna, wala hakusikia. Luhende alikuwa ameshavuka, bado ana biskuti mkononi, anamwelekeza ni nani achomwe baadaye.

Danford alitazama nyuma yake. Palikuwa na katoni tupu.

"Basi," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Haikuwa sita. Umeshinda."

Nusu ya jeshi ilikuwa bado imesimama mezani. Mayala angeweza kuzima mshumaa hapo, na kila mtu angekwenda zake. Lakini watu waligonga meza, wakaimba, bado huyo, bado huyo, wakimwonyesha mpishi mkuu. Mayala alimtazama mpishi mkuu, makengeza na yote. Akautazama umati uliokuwa wake tena. Akamchoma. Kisha akawachoma waliobaki, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa aliombwa.

Alipomaliza, palikuwa na ziwa jeusi juu ya bati na moshi uliokohoza watu. Danford alisukuma sanduku la Nairobi mezani, akaliacha mbele ya Mayala, akatoka. Watu walimpigapiga Mayala mgongoni. Yeye aligeuka kumtafuta Nyanjige.

Alikuwa palepale alipokuwa ameachwa peke yake mwanzoni, ila sasa amezungukwa na watu, na alikuwa akikibonyeza kichupa chake cha rangi ya kucha ndani ya kiganja.

"Tumeshinda," Mayala alimwambia.

"Nani?"

"Usinitazame hivyo. Ulitaka awachukue? Awageuze wapagazi?"

"Alikuwa ameshasema umeshinda. Wote tulisikia." Hakupandisha sauti. "Nilisimama nyuma yao, Mayala. Sikusimama nyuma yako. Danford angewapaka, ningekaa usiku na mafuta ya taa na pamba, ningeifuta rangi yake, ningeyarudisha macho yao. Sasa nikae na nini?"

Nyanjige alipenya katikati ya watu. Walimpisha bila kumwangalia.

Kengele ya chakula ikalia, na karakana ikaanza kumwagika nje. Luhende alibaki. Alifungua sanduku kwa ncha ya kidole, kwa heshima kubwa, akamwona jenerali wa joho la dhahabu amelala kwenye karatasi yake.

"Hawa wataungua vizuri zaidi," alisema kwa upole. "Jumapili ijayo, eti?"

Mayala alilinyanyua sanduku kwa mikono miwili, akamtupia Luhende kifuani. Farasi na mizinga vikaruka hadi kwenye mabati, vikanyesha juu ya benchi na sakafu na mabega ya Luhende, jenerali akavunjika shingo, na Mayala akaanza kuwakanyaga waliosalia mmoja mmoja, akilia kwa hasira, akiwatukana kwa Kisukuma matusi ambayo babu yake hakujua kama anayajua.

Waliokuwa wameshaanza kwenda kula, waliposikia, waligeuka wote, wakarudi mbio kutazama.